Siku 48 za Njiani: Namna ya Kukiwahi Kirusi cha Polio Kariakoo

Tarehe 19 Novemba 2021 mtoto wa miaka mitatu jijini Lilongwe, Malawi, alipooza ghafla. Wahudumu wa afya waliwahi. Sampuli mbili za choo chake zilichukuliwa tarehe 26 na 27 ya mwezi huohuo, siku ya saba na ya nane tangu dalili zianze, ilhali mwongozo wa kimataifa unaruhusu hadi siku 14. Baada ya hapo mambo yakasimama. Sampuli hizo zilipokelewa katika maabara ya rejea ya kanda, taasisi ya NICD ya Afrika Kusini, tarehe 14 Januari 2022. Vinasaba vya kirusi vikasomwa huko tarehe 2 Februari, na tarehe 12 Februari kituo cha CDC cha Marekani kikathibitisha kwamba ni kirusi pori cha polio aina ya kwanza, chenye nasaba na kile kilichokuwa kikizunguka jimbo la Sindh, Pakistan, karibu miaka miwili nyuma. Afrika ilikuwa imetangazwa kuwa haina kirusi pori tangu Agosti 2020. Tuzihesabu siku. Kuanzia mtoto kupooza hadi uthibitisho wa mwisho ni siku 85. Nane zilikwenda kabla ya sampuli ya pili kupatikana, na 29 zilitumiwa na maabara zote mbili kwa pamoja. Siku 48 zilizobaki, zaidi ya nusu ya muda wote, ni za sampuli kutoka Malawi hadi kufika mezani kwa mtaalamu.

Hesabu hiyo inatuhusu moja kwa moja. Tanzania ilipata mgonjwa wake wa mwisho wa kirusi pori mwaka 1996 na ikathibitishwa kuwa huru mwaka 2015, lakini soko la Kariakoo linapokea kila siku wafanyabiashara wa Malawi na Zambia waliopitia Kasumulu na Tunduma, wa Kongo na Burundi, na wa Komoro wanaovuka bahari. Kirusi kinachoweza kutoka Sindh hadi Lilongwe bila kuonwa na yeyote hakishindwi kufika Mtaa wa Kongo pale Kariakoo. Mjadala wa kuboresha ugunduzi wake, kila unapozuka, huelekea kwenye mashine: ipi inunuliwe, inagharimu kiasi gani, nani atafundishwa kuitumia. Hoja yangu ni kwamba kwa Dar es Salaam mashine ni swali la tatu. La kwanza ni mahali sampuli inapochotwa, na la pili ni njia inayopita kutoka pale hadi maabara. Maswali hayo mawili yasipojibiwa vizuri, kipimo kipya kitatoa majibu ya haraka kuhusu sampuli iliyochelewa au iliyochotwa pasipo maana.

Ili kuona muda unapotelea wapi, tuifuate sampuli ya choo ikishafika maabara. Kipande kidogo chake huchanganywa na maji ya chumvi maalumu, shanga za kioo na kloroformu, kikatikiswa kwa nguvu, kisha kikazungushwa kwa kasi kwenye mashine ili uchafu na bakteria vitengane na kirusi. Maji ya juu hutiwa katika mirija yenye aina mbili za seli hai. Aina ya kwanza, RD, ilitokana na saratani ya msuli wa binadamu, nayo huvipokea virusi vingi vya tumboni bila kubagua. Ya pili, L20B, ni seli za panya zilizopandikizwa kipokezi ambacho kirusi cha polio hukitumia kuingia katika seli za binadamu, kwa hiyo vingi vya virusi vingine hukosa mlango. Mtaalamu huitazama mirija kwa hadubini kila siku kwa siku tano. Kirusi kikiwepo, seli zilizokuwa zimejinyoosha na kushikana huanza kuviringika, hung'aa, kisha hubanduka ukutani na kuelea. Zisipobadilika, maji yale huhamishiwa kwenye mirija mipya na kutazamwa siku tano nyingine. Kilichoota hupelekwa kwenye kipimo cha PCR ili kijulikane kama ni kirusi pori, cha chanjo, au cha chanjo kilichobadilika. Mwisho husomwa sehemu ya vinasaba vyake iitwayo VP1, yenye herufi takriban 900. Sehemu hiyo hubadilika kwa karibu asilimia 1 kila mwaka, na ndiyo maana mtaalamu anaweza kusema kirusi kimezunguka muda gani bila kuonwa. Kirusi cha chanjo aina ya pili kikitofautiana na asili yake kwa herufi sita au zaidi, kinahesabiwa kuwa kimebadilika. Kwa aina ya kwanza na ya tatu mpaka ni herufi kumi.

Utaratibu huu si mbaya. Kabla ya kurekebishwa mwaka 2006 ulichukua hadi siku 42, na marekebisho yaliupunguza hadi 21 bila kifaa cha ajabu, kwa kupanga upya zamu za seli na kuondoa marudio yasiyo ya lazima. Nautaja kwa sababu unaonyesha kwamba mpangilio wa kazi peke yake uliokoa wiki tatu. Una udhaifu wake pia. Unategemea kirusi kilicho hai, na kirusi kilichopanda gari juani bila barafu hufika kimekufa. Mwongozo unataka sampuli ifike maabara ndani ya siku tatu, ikiwa chini ya nyuzijoto 8 njia nzima. Deli likifunguliwa mara mbili barabarani au barafu ikiyeyuka kituoni wakati karani anasubiri saini, jibu la "hakuna kirusi" halina uzito tena, na aliyeko maabara hana njia ya kumwambia daktari kwamba kirusi kilikuwepo kikafia njiani. Kuna kipimo cha kumsaidia: sampuli za watoto zikiwa zimetunzwa vizuri, katika nchi zetu angalau moja kati ya kumi hutegemewa kutoa virusi vingine vya tumboni visivyo vya polio. Vikikosekana, wa kuulizwa kwanza ni mwenye deli.

Hata sampuli za wagonjwa zikifika salama, zinatuonyesha sehemu ndogo ya tatizo. Katika watu wapatao 200 wanaoambukizwa, mmoja tu ndiye hupooza. Wengine huugua kidogo au hawaugui kabisa, na wote humwaga kirusi chooni kwa wiki kadhaa. Anayesubiri mtoto apooze ndipo aanze kutafuta, anaanza maambukizi yakiwa yameshapita mamia ya matumbo. Kwa sababu hiyo nchi nyingi zimeongeza upimaji wa majitaka. Nairobi wanajua faida yake. Tarehe 21 Machi 2018 ilichukuliwa sampuli ya majitaka Kamukunji, eneo lenye Eastleigh, mtaa wa biashara unaopokea wageni wengi kutoka Somalia. Ndani yake kikapatikana kirusi cha chanjo kilichobadilika, aina ya pili, kilichohusiana na vile vilivyoonekana Mogadishu. Hakuna mtoto wa Nairobi aliyekuwa amepooza kwa kirusi hicho. Mwaka 2021 mitambo ya majitaka ya Bugolobi na Lubigi jijini Kampala ilitoa habari kama hiyo, safari hii nasaba ikielekea Sudan, nako hakuna mgonjwa aliyepatikana. London nayo iligundua kirusi kwenye majitaka mwaka 2022, ikachanja watoto wake kabla ya yeyote kupooza. Kariakoo kwa Dar es Salaam ni kile ambacho Eastleigh ni kwa Nairobi: mtaa ambao mgeni anafikia kwanza, analala, anakula, na anaondoka akiwa amebeba mzigo.

Hapa ndipo mfano wa Nairobi na Kampala unapoacha kutufaa, na ndipo ninapotaka kukaa kidogo. Miongozo ya upimaji wa majitaka ilitungwa ikifikiria mji wenye mabomba yanayokusanya choo cha watu kati ya laki moja na laki tatu hadi mahali pamoja. Mtu anakwenda asubuhi mapema, wakati watu wengi wanatumia vyoo, anachota lita moja, anaifunga na kuipeleka. Dar es Salaam, yenye watu zaidi ya milioni 5.3 kwa sensa ya 2022, ina sehemu ndogo tu ya kaya zilizounganishwa na mabomba ya majitaka. Katikati ya jiji na Kariakoo ni miongoni mwa sehemu hizo, na kwa miongo mingi majitaka yake yamepelekwa baharini upande wa Ocean Road. Maeneo mengine machache humwaga kwenye mabwawa kama ya Vingunguti, Buguruni, Kurasini na Mikocheni. Waliobaki, ambao ndio wengi, wanatumia mashimo na makaro. Kwa hiyo anayechota kwenye chemba ya Kariakoo anapata picha nzuri ya wenye maduka, wapangaji wa maghorofa, wapagazi na wageni wa nyumba za kulala. Hapati watoto wa Tandale, Manzese wala Kigogo, na watoto ndio wanaobeba kirusi kwa wingi zaidi.

Wapo watakaosema basi Kariakoo ifutwe kwenye orodha, tuende kwenye watoto. Hoja hiyo ina nguvu, lakini inachanganya kazi mbili. Chemba ya Kariakoo inajibu swali la kuingia: je, kuna kirusi kigeni kilichofika mjini? Mtu mzima aliyechanjwa utotoni anaweza kukibeba tumboni na kukimwaga bila kuugua, na mfanyabiashara anayetoka Lubumbashi au Bujumbura ni mtu wa namna hiyo. Swali la pili, je, kirusi kimeshaanza kuzunguka kati ya watoto wetu, linataka mahali pengine pa kuchota, na hapo ndipo akili ya mtaani inahitajika kuliko kitabu. Magari ya kunyonya majitaka hupeleka mzigo Vingunguti, na mtu anaweza kudhani kwamba kuchota pale ni kuchota mashimo yote ya jiji kwa mkupuo. Sivyo. Choo kilichokaa shimoni miezi au miaka hakisemi lolote kuhusu wiki iliyopita, na kirusi chake kimeshaharibika. Isitoshe, bonde lile lina viwanda na machinjio, na majitaka yenye kemikali huua seli za RD na L20B kabla kirusi hakijapata nafasi ya kuota. Mirija inaonekana imeharibika, lakini kilichoiharibu ni sumu. Kwangu mimi, mahali panapofaa zaidi ni mifereji na vijito vinavyoingia Mto Msimbazi kabla havijachanganyika na maji ya viwanda, hasa upande wa Jangwani, Mchikichini na Kigogo, ambako maji ya vyoo vya leo yanapita leo.

Mvua nayo ina mahesabu yake. Kanuni ya jumla inasema usichote wakati wa mvua kwa sababu maji yanazimua sampuli. Kwa bomba la Kariakoo hilo ni kweli, tena chemba zikifurika Mtaa wa Msimbazi huwezi kujua unachota nini. Mabondeni mambo ni tofauti. Mvua kubwa ikinyesha, wapo wanaotapisha vyoo, yaani wanatoboa ukuta wa shimo ili maji ya mafuriko yabebe kilichomo. Ni desturi mbaya kiafya na kila masika inapigiwa kelele, lakini kwa anayetafuta kirusi ina maana kwamba tabaka la juu la mashimo mengi, lililo jipya, linaingia mtoni kwa wakati mmoja. Anayepanga ratiba ya Dar es Salaam kwa kufuata kanuni ya jiji lenye mabomba ataacha kuchota Machi hadi Mei na kukosa miezi yenye habari nyingi. Jibu lake ni kuongeza ujazo: badala ya lita moja, lita kadhaa zichujwe palepale kwa mfuko wenye kichujio, njia ambayo taasisi ya utafiti wa tiba ya Kenya, KEMRI, na washirika wake waliijaribu Nairobi, kisha kichujio ndicho kipelekwe maabara. Lipo pia kipimo cha kujua kama mahali pamechaguliwa vizuri. Angalau nusu ya sampuli za mahali hapo zinapaswa kutoa virusi vya tumboni vya aina yoyote. Mahali pasipofikia hapo miezi sita mfululizo paachwe bila kuoneana haya, hata kama ni karibu na ofisi na ni rahisi kufikika.

Sasa njia. Mtandao wa maabara za polio wa kanda ya Afrika ya Shirika la Afya Duniani umekuwa na maabara 16, na kwa miaka mingi Tanzania haikuwemo. Zilizo jirani ziko Nairobi na Entebbe. Ni maabara nzuri, zenye wataalamu waliobobea. Lakini kila sampuli inayovuka mpaka inahitaji vibali, ndege, nafasi kwenye ndege, na mtu wa kuipokea, na kila kimojawapo kinaweza kula wiki. Malawi haikukosa maabara nzuri ya kuitegemea, kwa maana NICD ni miongoni mwa bora barani, na bado siku 48 zilipotea. Dar es Salaam ina Maabara Kuu ya Taifa ya Afya ya Jamii pale Mabibo, kilomita chache kutoka Kariakoo. Sampuli iliyochotwa chemba ya Mtaa wa Swahili saa 12 asubuhi inaweza kufika Mabibo kabla ya saa 2, foleni ikiwemo.

Swali la mashine linakuja hapa, na jibu lake limeshajaribiwa na jirani yetu. Katika taasisi ya INRB jijini Kinshasa, wataalamu wa Kongo pamoja na wenzao wa Uingereza walipima sampuli 2,339 za choo kwa njia inayoruka hatua ya kuotesha. Vinasaba hutolewa kwenye choo chenyewe, sehemu ya VP1 huzalishwa kwa PCR ya hatua mbili, kisha husomwa kwa kifaa kidogo kinachoshikika mkononi na kuunganishwa na kompyuta. Kila sampuli hupewa alama yake ya vinasaba, kwa hiyo nyingi husomwa kwa pamoja. Milipuko ilithibitishwa kwa wastani siku 23 mapema kuliko kwa njia ya kawaida, na vinasaba vilivyosomwa kwa njia hizo mbili vililingana kwa zaidi ya asilimia 99. Wengi huzisoma siku hizo 23 kama sifa ya kifaa. Mimi naziona zina chanzo zaidi ya kimoja: sehemu ilitokana na kutosubiri seli, na sehemu nyingine ilitokana na kutosafirisha kirusi nje ya nchi ili kikasomwe. Hiyo ya pili ndiyo inayoangukia kwenye hoja yangu. Kifaa kilekile kikifungwa mjini Johannesburg kungoja sampuli za Dar es Salaam, faida yake kubwa inabaki uwanja wa ndege.

Mapingamizi dhidi ya kufanya kazi hii Mabibo yapo, na si ya kupuuza. Kuna linalosema maabara inayopima sampuli chache hupoteza ustadi, na ndiyo maana mtandao unataka angalau sampuli 150 kwa mwaka. Tupige hesabu. Sensa ya 2022 ilipata Watanzania 61,741,120, na zaidi ya milioni 26 kati yao wana umri chini ya miaka 15. Kwa kiwango cha chini kabisa cha ufuatiliaji, mtoto mmoja mwenye kupooza kwa ghafla kwa kila watoto 100,000, ni watoto 260 kwa mwaka, kila mmoja na sampuli mbili. Tayari tumeshavuka 500 kabla ya kuhesabu majitaka. Pingamizi zito zaidi ni la usalama: aina ya pili ya kirusi pori ilitangazwa kutokomezwa mwaka 2015 na ya tatu mwaka 2019, na dunia inapunguza idadi ya maabara zinazokuza virusi hivyo. Kujenga kiwanda kipya cha kuvizalisha katikati ya jiji lenye msongamano kungekuwa kosa. Lakini njia ya moja kwa moja haikuzi chochote. Vinasaba vinavyotolewa na kusomwa si kirusi hai kinachoongezwa kwenye mirija. Kwa hiyo sababu ileile inayotukataza kuotesha inatusukuma kwenye njia ya Kinshasa. Sampuli zenye utata, na sehemu ya zile za kawaida kwa ajili ya kukaguana, ziendelee kwenda Entebbe au Nairobi.

Kuna na la uchafuzi. PCR ya hatua mbili ni nyepesi kudanganyika: tone moja kutoka sampuli ya jana likidondokea ya leo, mtoto asiye na kirusi anaonekana anacho. Hilo ni kweli, na halitatuliwi kwa kuahidi uangalifu. Linatatuliwa kwa vyumba tofauti kwa kila hatua, sampuli tupu katika kila mzunguko, na kusoma vinasaba vyenyewe, kwa sababu tone lililotoka sampuli ya jana linakuja na herufi za jana zilezile. Kwa majitaka ugumu unaongezeka, maana choo cha watu laki moja kina virusi vya chanjo kutoka kwa watoto wengi, na kirusi kigeni kinaweza kufunikwa na wingi huo. Sitarajii njia ya moja kwa moja ichukue nafasi ya kuotesha kwa majitaka mara moja. Kwa choo cha wagonjwa, sioni sababu ya kungoja.

Linalogusa zaidi ni lile la wanaouliza kwa nini fedha zisiende kwenye chanjo. Jibu lilipatikana Rukwa. Mei 2023 mtoto mmoja mkoani humo alipooza kwa kirusi cha chanjo kilichobadilika, aina ya pili. Kampeni ya chanjo katika Rukwa, Katavi, Kigoma, Kagera, Mbeya na Songwe ilifanyika Septemba. Chanjo ya matone dhidi ya aina hiyo iliondolewa kwenye ratiba za kawaida duniani kote Aprili 2016, na sasa hutolewa kwa nchi iliyothibitisha mlipuko. Bila jibu la maabara hakuna chanjo hiyo, iwe ghala limejaa au halijajaa. Kuanzia Mei hadi Septemba ni miezi minne ambayo watoto waliendelea kuchezea matope yaleyale.

Kwa hiyo naiomba Wizara ya Afya jambo moja lisilohitaji hata shilingi ya mashine. Kwa kila sampuli, ya mgonjwa na ya majitaka, itangaze tarehe tano: ya dalili, ya kuchukuliwa, ya kufika maabara, ya jibu la awali na ya kusomwa vinasaba. Tarehe za Malawi zilipowekwa hadharani, kila mtu aliona pa kurekebisha. Na kwa mzazi, mwenye duka la dawa na mganga wa zahanati wa Kariakoo, Gerezani na Jangwani: mtoto aliye chini ya miaka 15 ambaye mguu au mkono wake umelegea ghafla apelekwe kituo cha afya siku hiyohiyo, hata kama mnadhani ni sindano iliyochomwa vibaya au ameanguka akicheza. Sampuli mbili za choo, zikipishana kwa saa 24 hadi 48, zinatakiwa zipatikane ndani ya siku 14. Hakuna maabara inayoweza kuzirudisha siku hizo zikishapita.